Maikrofoni Iliyovishwa Leso

Kaseti ile ya kwanza ukiiweka, kinanda kilianza kunguruma, ngoma ya dumbak ikafuata, na pale ambapo mamangu alipaswa kuimba ukasikia kitu kizito chenye joto kikienda na kurudi, mfano wa mtu azungumzaye huku amejifunika blanketi. Maneno hukuyapata. Mimi nilijua ni yeye kwa kuwa nilikuwako alipoimba. Mtu mwengine angedhani ni redio ya jirani.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa msichana wa miaka ishirini na ushei, nikifanya kazi katika duka la kaseti mjini. Kazi yangu ilikuwa kunakili. Mteja anataja nyimbo azitakazo, mimi nazitafuta, nazihamisha moja baada ya moja kwenye kaseti yake, naandika jina ubavuni. Siku nzima masikio yangu yalikuwa ndani ya nyimbo za watu. Jioni nikirudi kwetu mtaa wa Kibokoni kwa miguu, vichochoro vyenyewe niliviona vina muziki: mlango mzito ukifungwa ulikuwa besi, ndoo ikiteremshwa ngazi ilikuwa tari, na mwanamke akimwita mwanawe dirishani ndiye mwimbaji. Nilikuwa nikigongana na watu. Mama alikuwa akiwaambia majirani, "Huyu mwanangu hapa ni umbo tu, mwenyewe yuwaota." Sikubisha. Nilikuwa naota kweli, tena macho wazi, na kama kuna aliyechukizwa na ndoto zangu hilo lilikuwa lake.

Mwaka huo dada yangu aliposwa Maskati. Alikuwa amekwenda kwa ami yetu kumsaidia mkewe aliyejifungua, akaonekana, akapendwa, mambo yakaiva upesi kuliko tulivyotarajia. Nyumbani baba alikuwa amepooza upande mmoja. Mama ndiye aliyemgeuza, akamlisha, akamwosha, na hapakuwa na mtu ambaye baba angekubali aone hali yake isipokuwa yeye. Kwa hivyo mama hangesafiri, na mimi singemwacha peke yake na mzigo ule. Binti wa kwanza wa nyumba yetu angeolewa ng'ambo, mikononi mwa watu wasiomjua utotoni mwake.

Wengine husema harusi ni pilau na nguo. Kwetu ilikuwa na saa moja tu yenye maana. Bibi harusi akishatiwa hina mikono na miguu, hawezi kushika kitu wala kusimama. Amekalishwa kama mtoto mchanga. Hapo mamake hukaa mbele yake akamwimbia mpaka hina ikauke. Wimbo wenyewe ulitungwa na mama yake nyanya yangu, ni wosia mtupu kuanzia ubeti wa kwanza, na hauimbwi mbele ya wanaume. Nyanya aliimbiwa, mama aliimbiwa. Asubuhi moja, akipepeta mchele, mama akaniuliza bila kuinua macho:

"Hiyo mikanda yako ya dukani yaweza kubeba sauti ya mtu?"

"Mama, ndiyo kazi yake."

"Basi nibebee yangu. Nataka dadako asikie maneno yote, neno kwa neno. Na mie sitalia. Bibi harusi aliye mbali akisikia mamake yuwalia, ataona ni makosa kuolewa."

Hayo ndiyo yalikuwa masharti yake: maneno yasikike, kilio kisiwepo. Mwanamke mmoja wa mtaani alikuwa anakwenda Maskati kabla ya harusi, akakubali kuitia kaseti mkobani mwake. Mimi nilifurahi kupita kiasi, maana kumbe kuota kwangu kulikuwa na faida.

Tajiri wangu wa dukani alikuwa mzee wa Kihindi, Muislamu mwenzetu ila msikiti wake mwengine na wetu mwengine. Yeye ndiye aliyeniazima mashine ya njia nne. Inatumia kaseti ya kawaida, lakini inaugawa mkanda njia nne, kila sauti ikapita yake bila kumgusa mwenzake. Baadaye mtu hukaa akazichanganya, hii akaipandisha, ile akaishusha, mpaka zote zitoke zimekuwa wimbo mmoja kwenye kaseti nyingine. Hakuniuliza naitakia nini. Aliniambia tu nisiimwagie chai.

Sebule yetu ilikuwa juu, na chini ya dirisha lake palikuwa na baraza ambayo wanaume walikaa kila baada ya Alasiri. Kwenda kuwaomba waondoke tuliona haya. Kwa hivyo tuliziba. Jamani, tuliziba! Magodoro ya sufi tuliyasimamisha dirishani, mazulia tukayatundika ukutani, mapazia mawili mawili, na mito tukaisukumiza chini ya mlango. Chumba kikawa kiza, kikajaa moshi wa udi, na sauti zetu wenyewe tulizisikia zikifia mdomoni. Binamu yangu alileta kinanda. Majirani wakaja na dumbak na tari na makoo yao ya kuitikia. Niliketi kwenye sakafu nikiwa na hedifoni kichwani, nikaona kama tumo ndani ya tumbo la kitu kikubwa kilicholala.

Mama alipoiona maikrofoni mbele ya uso wake alikwama. Alijaribu, akacheka, akajaribu tena. Ndipo bibi wa mlango wa pili, mtu mzima mwenye ulimi usioogopa mtu, akasema, "Kidude hichi chamtazama mwenzangu uso kwa uso kama mwanamume! Atatoa sauti vipi?" Akavua leso aliyojitanda, akaivisha maikrofoni, akaizungusha mara mbili na kuifunga fundo shingoni. Ilikaa pale kama bi harusi mdogo. Tulicheka mpaka machozi. Mama naye alicheka, haya ikamtoka, akaimba. Wenzake walimsogelea kwa mapenzi, magoti yakagusana, dumbak ikawa karibu na sikio lake kabisa. Nakumbuka nilifumba macho nikasema moyoni kwamba sijawahi kusikia kitu kizuri hivi.

Kumbe uzuri ule ulikuwa chumbani, mkandani haukuingia.

Nilipokaa kuchanganya ndipo nilipokutana na ule uzito. Nikafanya lile lililonijia kwanza, nikaongeza. Niliongeza besi kwa sababu dukani hakuna mteja aliyewahi kulalamika kwamba besi imezidi. Mama akazama. Nikampandisha mama, na dumbak ikapanda naye kwa kuwa iliingia katika maikrofoni yake. Nikaongeza sauti kali za juu ili maneno yachongoke, ukatoka mvumo wa mkanda, shaaa, kama mafuta yakaangayo. Kila nilichokiongeza kilileta jamaa zake. Mwishowe nilikuwa na kaseti yenye kelele nyingi na ambayo hakuna mtu ndani yake.

Mama aliisikiliza amesimama, kitambaa cha kumfutia baba kikiwa begani. "Mumenitia mtungini?" akauliza.  Akanyoosha kidole kwenye spika. "Hapo nasema nini?"

Wimbo ule naujua tangu utotoni, lakini pale sikuweza kumwambia. Nilikisia, nikakosea ubeti. Mama hakunilaumu. Alirudi chumbani kwa baba akaurudisha mlango taratibu, na ule utaratibu wake uliniuma kuliko kama angeubamiza.

Asubuhi yake nilimwendea tajiri.

"Ilete niisikie," akasema.

"Haifai, tajiri. Ni ya wanawake."

 Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa. "Basi nieleze."

Sijui kama umewahi kumweleza mtu sauti asiyoruhusiwa kuisikia. Nilisimama pale kaunta na mikono yangu hewani, nikitafuta maneno, huku watu wakipita nje na mikoba ya sokoni. Yeye akaanza kuniuliza kama daktari amuulizaye mama wa mtoto mgonjwa. Mamako asikika yuko mbali ama karibu? Yuko karibu, nikasema, lakini kama mdomo umezibwa. Sauti yake nene ama nyembamba? Nene kiasi. Kinanda, mkono wa kushoto wafanya nini? Wanguruma. Na dumbak? Yanguruma vile vile.

"Basi watatu hao umewakalisha kiti kimoja," akasema, "na kila mmoja umemwambia anenepe. Usiongeze kitu, binti yangu. Punguza. Kinanda kikate huko chini, kwa ile sauti nene ya mkono wa kushoto. Dumbak ibakishe ule mlio wa vidole. Mamako hataki nguvu, ataka nafasi." Halafu akaniangalia kwa kutafakari. "Chumba mlikifanyaje?"

Nikamweleza magodoro. Unyusi mmoja ukapanda. Nikamweleza mazulia na mapazia, ukapanda wa pili.

"Na maiki?"

"Ilifungwa leso."

"Leso?"

"Mara mbili. Na fundo."

Mzee yule niliyemjua kwa uso mkavu alicheka mpaka akashika kaunta. Mteja aliyekuwa akiangalia kaseti aligeuka. "Binti yangu," akasema akipangusa macho, "umerekodi leso! Sauti ya mamako iko nyuma yake." Akashika pumzi. "Nyumba zenu za mawe na chokaa, kuta ngumu, dari za juu, sauti ikiingia yarudi imependeza. Mwazivisha magodoro ya nini? Hiyo njia ya mamako rekodi upya. Wengine wawate walivyo, utawapunguza."

Nilirudi nyumbani nikiwa na jambo moja kubwa la kusema, kwamba dirisha lazima lifunguliwe. Mama alikataa pale pale. Mwanamke wa umri wake, mumewe kitandani, sauti yake isikike barazani? Nilianza kumweleza habari za kuta na chokaa, akaniambia nimpishe. Aliyetuokoa ni yule bibi wa mlango wa pili, mwenye leso. Nadhani alijiona ana deni la ile leso yake. Alijitanda, akashuka ngazi, nasi tukachungulia kwenye upenyo wa dirisha.

"Hamjambo," akawaambia wanaume.

"Hatujambo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Ondokeni hapa. Kuna mama yuwamwimbia mwanawe alioko mbali."

Nilingoja maswali. Hapakuwa na hata moja. Mmoja alikunja gazeti, mwengine akachukua viatu vyake mkononi, waliokuwa wakicheza karata wakazikusanya bila kumaliza mchezo, na muuza kahawa akainua dele lake akawafuata. Walihamia mtaa wa pili kimya kimya. Mpaka leo nikifikiria heshima, sipati picha nyingine ila ile ya wanaume wazima wakiondoka barazani wamebeba viatu.

Tulifungua dirisha. Magodoro tulishayarudisha vitandani. Mwanga wa Alasiri uliingia ukalala juu ya kuta tupu, na chumba chetu cha siku zote kikawa kipana, cheupe, hata kikohozi changu kilinirudia kimependeza. Mama alivaa hedifoni juu ya ushungi. Safari hii aliimba peke yake. Kinanda na wenzake walikuwa masikioni tu, kutoka siku ile ya kwanza. Maikrofoni ilikuwa uchi mbele yake. Alikaa nayo ameelekea dirishani ili asituone, nami macho yangu yalikuwa kwenye sindano ya mashine ipimayo sauti, nikichunga isivuke pale pekundu. Aliimba mpaka mwisho bila kusimama. Akavua hedifoni, akasema anakwenda kumpa baba uji, akatoka.

Siku iliyofuata sikwenda kazini. Niliketi na mashine sebuleni, na nikafuata maneno ya tajiri kwa imani ya mgonjwa. Nilikikata kinanda huko chini, nikakisikia kimekonda, nikadhani nimekiharibu. Nikaipunguza dumbak mpaka vidole tu. Halafu nikaifungua njia ya mama.

Alikuwa chumbani nami. Sina namna nyingine ya kulisema. Kila neno lilitoka limeoshwa. Nilisikia midomo yake ikikutana kabla ya herufi, nikasikia pale anapovuta pumzi kupanda sauti. Kinanda kilichokonda hakikuwa kimekonda tena; kilikaa pembeni yake kwa adabu. Nilitembea chumbani nikizunguka, nikifumba macho, nikifumbua, nikiona kama nyumba nzima imeinuka kidogo kutoka ardhini. Nilirudia mwanzo mara nyingi kwa raha tu.

Ndipo nikafika kwenye ubeti wa kuagana: "Mwanangu shika njiayo, nami nashika mlango." Kwenye neno mlango sauti ilipasuka. Ilikuwa kidogo tu. Kisha ikaja pumzi ya kuvutwa, yenye maji, na kimya kifupi, halafu akaendelea na ubeti unaofuata kama hapakuwa na kitu.

Mama alikuwa amelia. Alilia akiwa ametugeuzia mgongo, na mimi nikitazama sindano.

Niliirudia ile kaseti ya kwanza nikatega sikio mahali pale pale. Huwezi kujua. Labda alilia na mara ile, leso ikamsitiri. Nilikaa chini. Sharti la kwanza nilikuwa nimelitimiza, na kwa kulitimiza nimelivunja la pili. Kaseti ilikuwa ichukuliwe jioni ile ile, na kumwambia aimbe tena sikuwa na moyo.

Basi nikafanya ujanja. Pale kwenye mlango nilimshusha mama na nikawapandisha waitikiaji, wakapita juu yake kwa sauti zao zote, halafu nikamrudisha. Hata mimi niliyejua nilisikia furaha tupu. Nikamwita. Alisikiliza ameketi, mikono mapajani, midomo ikifuata maneno. Aliridhika, nilimwona. Kisha akainua kichwa.

"Pale penye mlango, mbona wenzangu wapaza sauti? Hapo mimi huwa peke yangu."

Nikamwambia ukweli. Hakukasirika. "Nisikize bila wao," akasema.

Nilimvisha hedifoni. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kujisikia akilia. Uso wake haukubadilika, ila kidole kimoja kilikuwa kikisugua pindo la leso. Mkanda uliisha, ukagonga. 

"Muwate dadako asikie, usinifiche," akasema.

"Mama, si ulisema—"

"Nalisema. Nalidhani nikilia ntakuwa namwambia rudi. Hapo simwambii rudi. Sikiza wewe mwenyewe: nalia, na mlango nimeushika wazi." Akavua hedifoni. "Nikimpa maneno makavu mwanzo mpaka mwisho, ataona mamake kamsomesha kama mwalimu wa chuoni."

Niliogopa. Niliona tunamharibia dada siku yake, na nilimwambia hivyo. Mama akanijibu kwamba yeye ndiye aliyemzaa. Nikawatoa waitikiaji pale, nikaiacha pumzi ile ilivyo, na jioni kaseti ikaondoka mkobani mwa yule mwanamke wa mtaani.

Nyumbani hatukuwa na simu, kwa hivyo dada alituma habari kwamba baada ya harusi atapiga dukani. Siku yenyewe yule bibi mwenye leso alikaa mlangoni kwa baba, mama akaja nami mjini amevaa buibui lake zuri. Tajiri alizima mashine zote. Wateja wawili watatu wakanyamaza bila kuambiwa. Simu ilipolia mama alikipokea kwa mikono miwili kile kipokezi, nami nikagandamiza kichwa changu kwenye chake.

Sauti ya dada ilikuwa nyembamba, ya mbali, lakini safi. Alisema amesikia maneno yote. Alisema tangu aposwe, mama mkwe hakuwa amesema naye ila salamu na "fanya hivi, fanya vile." Ni Mwarabu, Kiswahili hakijui hata neno. Siku ya hina alikaa pembeni ya chumba, kaseti ikiimba, anatazama mlango kama mtu angojaye wageni waondoke.

"Ikafika pale, mama," dada akasema. "Pale pako, penye mlango."

"Ehe."

"Akageuza kichwa. Akamwuliza mtu, huyu ni nani? Akaambiwa, ni mamake. Akainuka, akaja akakaa mbele yangu, pale ungekaa wewe. Akanishika miguu, mama, na hina ingali mbichi. Walimpigia kelele, ataharibu, atajipaka. Hakuniachilia mpaka wimbo ukaisha."

Mama alikuwa hapumui. Nilikuwa namsikia hapumui.

"Ikampaka?" akauliza.

"Ikampaka. Mpaka leo viganja vyake vina rangi, na kila ajaye humwonyesha."

Mama alinikabidhi kipokezi, akaketi juu ya kreti la kaseti, na akalia pale dukani mbele ya tajiri na wateja, kwa sauti, uso wazi.